Bima ya Afya Marekani: Tazama Jimbo Kwanza, Bei Baadaye

Jiji la Kansas City limekatwa na barabara iitwayo State Line Road: upande mmoja Missouri, upande wa pili Kansas. Mtu mzima asiye na mtoto, anayepata dola 1,200 kwa mwezi, akipanga Missouri anaweza kuingia Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, bila ada ya mwezi. Akivuka barabara, haipati. Na soko la bima zenye ruzuku ya serikali halimsaidii, maana ruzuku huanzia kwenye mstari wa umaskini, takriban dola 1,300 kwa mwezi. Yeye yuko chini ya hapo, kwa hiyo anadaiwa bei kamili.

Sheria ya afya ya 2010 ilitaka kila jimbo lipanue Medicaid hadi kipato ambacho sasa ni takriban dola 1,800 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hilo ni hiari. Majimbo 40 yamekubali. Yaliyobaki ni Texas, Florida, Georgia, Tennessee, Alabama, Mississippi, South Carolina, Kansas, Wyoming na Wisconsin, ingawa Wisconsin huwachukua walio chini ya mstari wa umaskini.

Kwa hiyo ukiitwa Tennessee kwenye kazi ya ghala inayolipa dola moja zaidi kwa saa, nawe uko Kentucky, weka bima kwenye hesabu kabla ya kufunga mizigo. Medicaid haihami nawe. Ukifika unaomba upya, kwa masharti ya huko. Watoto waombee hata kama wewe umekataliwa, kwani kiwango chao cha kipato ni cha juu zaidi.

Mkimbizi, hapa soma taratibu. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inawaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye Medicaid ya shirikisho kuanzia Oktoba 1, 2026. Wenye grini kadi hawakuondolewa. Kama umetimiza mwaka mmoja nchini na hujaomba kadi hiyo, hakuna matumizi ya muda wako yenye faida kuliko kuomba sasa.

Sheria hiyo hiyo inataka, ifikapo Januari 2027, watu wazima wengi walioingia kwa upanuzi wathibitishe saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kila mwezi. Wanaoitetea wanasema mwenye nguvu afanye kazi. Lakini Arkansas ilipojaribu mwaka 2018, zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima kabla jaji hajasimamisha mpango, na wengi wa waliolengwa walikuwa wakifanya kazi tayari au walikuwa na sababu ya kusamehewa. Kilichowaangusha ni karatasi. Tunza kila hati ya mshahara, na fungua kila barua siku inapofika.

Ukinunua sokoni, usidanganywe na ada ya mwezi. Daraja la shaba (bronze) ni rahisi mpaka uugue: kwa mwaka 2026 mtu mmoja anaweza kutoa mfukoni hadi dola 10,600 juu ya ada zake. Kipato chako kikiwa kati ya mstari wa umaskini na mara mbili na nusu yake, chukua daraja la fedha (silver). Ndilo daraja pekee ambalo serikali inakupunguzia pia malipo ya daktari na dawa. Kwa mwenye sukari au presha, fedha kwa kawaida itamgharimu kidogo kuliko shaba.

Gharama iliyojificha kabisa iko kwenye kodi. Ruzuku hukokotolewa kwa kipato unachokadiria. Tangu mwaka wa kodi 2026, ukipata zaidi ya ulivyosema unarudisha ziada yote, bila kikomo. Na ruzuku za nyongeza zilikwisha mwishoni mwa 2025: kwa mwaka 2026, mtu mmoja anayevuka dola 62,600 hapati hata senti. Dereva wa teksi na mfanya ovataimu, toeni taarifa kwa soko la bima kipato kinapopanda, msingoje hesabu ya kodi ya Aprili.

Bima za muda mfupi ni rahisi kwa sababu zinaweza kukataa ugonjwa uliokuwa nao. Illinois imezipiga marufuku. Mifuko ya kuchangiana ya makanisa nayo si bima, na hailazimiki kukulipia. Usiweke fedha ya pango huko.

Usiye na chochote, nenda kituo cha afya cha jamii kinachotoza kwa kipimo cha kipato. Hospitali yenye idara ya dharura lazima ikupime na kuimarisha hali yako hata bila fedha, lakini bili itakuja. Kabla ya kulipa, omba fomu ya msaada wa kifedha, ambao hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa nao. Gari la wagonjwa ni hatari nyingine: sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika 2022 dhidi ya bili za kushtukiza haikuligusa lile la barabarani. Mkalimani wa Kiswahili ni bure katika hospitali na kliniki zinazopokea fedha za shirikisho. Mwombe unapopanga miadi, na mtoto wako aende shule siku hiyo badala ya kukutafsiria.