Tarakilishi Ndogo na Runinga: Kwa Nini Taswira Hupotea na Namna ya Kuirejesha

Makala haya yananuia kueleza sababu zinazofanya taswira ipotee, ikatwe kingo au itetemeke pale tarakilishi ndogo inapounganishwa na runinga, pamoja na namna ya kurekebisha kila hitilafu. Mahali panapotumiwa kama mfano ni Kehancha, mji wa Wakuria katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, na kifaa kile kile kinachofunzwa shuleni Kenya kuwa runinga huitwa luninga au televisheni upande wa Tarime. Suala la istilahi litarejelewa baadaye kidogo, kwa kuwa halitengani na tatizo lenyewe.

Chukulia mwalimu wa Kiswahili aliyemrekodi mzee akipiga iritungu na kusimulia ngano kwa Kikuria. Mwalimu huyo ameandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha ili wanafunzi wake wa fasihi simulizi, ambao wengine si Wakuria, waweze kufuata. Kipakatalishi hana. Alicho nacho ni Raspberry Pi, tarakilishi yenye ukubwa unaokaribia wa kadi ya benki, ambayo ilianza kuuzwa Uingereza mwezi Februari 2012, na runinga ya shule. Anaunganisha kebo, skrini inabaki nyeusi. Au picha inatokea vizuri, ila mstari wa tafsiri umemezwa na ukingo wa chini: mzee anaonekana akifumbua kinywa, darasa zima linamtazama, na nusu yao hawaambulii lolote.

Tuanze na weusi wa skrini. Kebo ya HDMI haipeleki picha tu. Hupitisha pia mazungumzo mafupi. Ndani ya runinga mna kumbukumbu ndogo inayohifadhi maelezo ya vipimo vya picha ambavyo runinga hiyo inaweza kupokea. Tarakilishi inapoamka huyasoma maelezo hayo kwanza, ndipo iamue itume picha ya vipimo gani. Isipopata jibu, hudhani kwamba hakuna kitu upande wa pili. Raspberry Pi za awali, zikidhani hivyo, huipeleka picha kwenye tundu la zamani la waya wa manjano, na mtazamaji wa HDMI haoni chochote.

Katika mji ambamo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, hali hii hutokea kwa urahisi. Umeme ukirudi, Raspberry Pi nyingi hujiwasha papo hapo kwa kuwa hazina swichi, ilhali runinga nyingi hubaki zimelala zikingoja rimoti. Tarakilishi imeuliza swali lake na kukosa jibu kabla mtu hajanyanyuka kitini. Dawa ya kwanza, kwa hivyo, ni mpangilio: runinga iwashwe kwanza, tundu sahihi la HDMI lichaguliwe kwa rimoti, kisha tarakilishi ipewe umeme. Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka wa 2019, ina matundu mawili madogo ya HDMI. Litumiwe lile lililo karibu zaidi na tundu la umeme.

Anayetaka suluhisho la kudumu atalazimika kuhariri faili. Kadi ya kumbukumbu huchomolewa na kutiwa katika tarakilishi nyingine yoyote, na ndani yake kuna faili iitwayo config.txt. Kwa mifumo ya zamani, mstari hdmi_force_hotplug=1 huiamuru tarakilishi itume picha kwa HDMI hata kama runinga haijajibu. Katika mifumo iliyotolewa tangu Oktoba 2023, mistari mingi ya aina hiyo haizingatiwi tena. Badala yake, maneno video=HDMI-A-1:1920x1080@60D huongezwa mwishoni mwa faili ya cmdline.txt, ambayo sharti ibaki mstari mmoja tu. Wengi huubonyeza ufunguo wa mstari mpya hapo bila kufikiri, kisha wakalaumu kebo. Runinga isiyofikia vipimo hivyo iandikiwe 1280x720 mahali pa 1920x1080.

Kukatwa kwa kingo kuna historia ndefu zaidi. Runinga za zamani zilichora picha kwa mwale uliopita juu ya kioo cha mviringo, na kingo za picha hazikuwa thabiti: zilipindika, na zikabadilika umeme ulipopanda au kushuka. Watengenezaji waliikuza picha kidogo ili kingo hizo zifichike nyuma ya fremu, na watangazaji wakajifunza kutoweka jambo la maana pembezoni. Runinga bapa hazina mwale wala mviringo, lakini nyingi zimeirithi tabia hiyo na bado huikuza picha pasipo haja. Katika sinema haidhuru. Katika tarakilishi, ambamo menyu na maandishi hukaa ukingoni kabisa, ni hasara.

Tiba huanzia kwenye runinga yenyewe, katika sehemu ya menyu inayohusu ukubwa wa picha. LG huuita mpangilio unaofaa Just Scan, Samsung huuita Screen Fit. Iwapo runinga haina mpangilio huo, tarakilishi iambiwe ijibane: katika mifumo mipya maneno kama margin_bottom=40 huongezwa baada ya vipimo vya picha katika cmdline.txt, yakitanguliwa na mkato. Hitilafu hii isichanganywe na kinyume chake, yaani picha iliyozungukwa na utepe mweusi. Hapo ni tarakilishi inayojibana bure, na katika mifumo ya zamani mstari disable_overscan=1 huiachilia.

Jambo lenyewe halina jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Wapo watakaopendekeza neno la kuundwa kwa mtindo wa tarakilishi, lililotokana na tarakimu na akili, au kipakatalishi. Huenda halihitajiki. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba runinga "inakata kingo" anaelewa mara moja, awe wa Kehancha au wa Tarime, na anajua pa kutazama. Istilahi iliyoundwa ingemlazimu aelezwe mara mbili.

Runinga ya kioo kizito haikufa Kenya ilipozima mitambo ya analogia mwaka wa 2015. Ilipata king'amuzi ikaendelea kutumika. Kwa runinga kama hiyo waya wa manjano hutumiwa, nao una mtego wake. Raspberry Pi hutoa mawimbi ya mfumo wa Marekani, NTSC, wenye mistari 525, hadi iamriwe vingine, ilhali Kenya na Tanzania zilitumia PAL, wenye mistari 625. Matokeo yake ni picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka bila kutulia. Mstari sdtv_mode=2 huirekebisha katika mifumo ya zamani; katika mipya ni vc4.tv_norm=PAL ndani ya cmdline.txt. Aidha, waya wa kamera au wa kifaa kingine unaweza kuingia tunduni barabara na bado usifanye kazi, kwa sababu mpangilio wa pete zake nne ni tofauti. Raspberry Pi 5 ya mwaka wa 2023 haina tundu hilo.

Kutetemeka kwa picha, au kuzimika kwa ghafla, mara nyingi si kosa la picha. Alama ndogo ya radi ikitokea pembeni mwa skrini, umeme haufiki wa kutosha. Raspberry Pi 4 huhitaji volti 5 na ampea 3, kiasi ambacho chaja nyingi za rununu hazitoi, hasa kwa waya mwembamba mrefu.

Mwalimu wa mfano wetu anaweza pia kujikinga kabla hajafika darasani: tafsiri iinuliwe kutoka ukingoni, na herufi ziwe kubwa kwa runinga ya zamani, kwani kati ya mistari yake 625 ni 576 tu inayobeba picha. Maneno sita au saba kwa wakati mmoja yanatosha, naye mzee wa iritungu hasimulii haraka.