Uwasilishaji wa Mradi wa Uboreshaji wa Huduma za Hospitali kwa Njia ya Bango la Utafiti: Mazingira ya Rusumo, Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Bango la utafiti ni karatasi moja kubwa, aghalabu ya kipimo cha A0, yaani milimita 841 kwa 1189, inayobandikwa ukutani ili msomaji aliyesimama apate kiini cha kazi kwa dakika chache. Makala hii inafafanua namna mradi wa uboreshaji wa huduma za hospitali unavyoweza kuwasilishwa katika bango la aina hiyo, kwa kurejelea mazingira ya Rusumo na wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Hoja ya msingi ni kwamba mradi wa uboreshaji una maswali yake, na bango linalouweka katika muundo wa utafiti wa kawaida huficha yale ambayo hospitali nyingine ingehitaji kujifunza.

2.0 Muktadha

Rusumo ni kivuko cha mpakani. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Lusahunga wilayani Biharamulo, huingia Ngara na kuvuka mto Kagera kuelekea Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takriban saa 24. Kwa hiyo, idadi ya watu wanaohudumiwa na vituo vya afya vya eneo hili inaweza kubadilika ghafla.

Aidha, mkoa huu umepata milipuko miwili ya ugonjwa wa virusi vya Marburg. Mlipuko wa kwanza, uliotangazwa Machi 2023 katika wilaya ya Bukoba, ulikuwa na wagonjwa 9, miongoni mwao wakiwamo watumishi wa afya. Wagonjwa 6 walifariki. Mlipuko wa pili ulitangazwa tarehe 20 Januari 2025 wilayani Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki. Katika mazingira hayo, swali la kama mtumishi ametakasa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa linahusu uhai wa mgonjwa na wa mtumishi mwenyewe.

Uboreshaji wa huduma si jambo geni nchini. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia mbinu ya 5S yenye asili ya Japani, ambayo ilikwisha kujaribiwa katika hospitali za Sri Lanka. Watumishi wengi wanaifahamu kwa maneno matano ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

3.0 Tofauti kati ya utafiti na mradi wa uboreshaji

Utafiti wa kawaida hutafuta ukweli unaoweza kujumlishwa kwa watu wengi. Hivyo hudhibiti mazingira ili yasiathiri matokeo. Mradi wa uboreshaji hufanyika ndani ya mazingira yenyewe na huongozwa na maswali matatu: ni nini kinakusudiwa kufikiwa? Itajulikanaje kwamba badiliko limeleta nafuu? Ni badiliko gani lijaribiwe? Majaribio hufanywa kwa mizunguko midogo ya kupanga, kutenda, kutathmini na kuchukua hatua. Ndiyo maana mwongozo wa SQUIRE, uliotolewa mwaka 2008 na kuhuishwa mwaka 2015, unamtaka mwandishi aeleze pia mazingira ya kazi na sababu za kudhani kwamba badiliko lingefaa.

4.0 Vipengele vya bango

4.1 Lengo

Lengo hutaja kitu, kiasi, mahali na muda. Uchukuliwe mfano wa kubuni: “Kuongeza utakasaji wa mikono katika wodi ya wazazi kutoka asilimia 40 hadi 80 ya nafasi zinazostahili, ndani ya miezi sita.” Neno “nafasi” ni la lazima. Shirika la Afya Duniani limeainisha nyakati tano ambazo mtumishi anapaswa kutakasa mikono; kinachogawanywa ni idadi ya nyakati hizo zilizoshuhudiwa, wala si idadi ya watumishi. Bango lisilotaja kigawanyo halisomeki, hasa mahali ambapo idadi ya wagonjwa hupanda na kushuka.

4.2 Badiliko lililofanywa

Sehemu hii ndiyo hufupishwa kupita kiasi. Kuandika “watumishi walipewa mafunzo” hakumsaidii msomaji. Kueleza kwamba chupa za kitakasa mikono ziliondolewa mlangoni na kuwekwa kando ya kila kitanda, nani alizijaza na kwa ratiba gani, kunamwezesha muuguzi wa kituo kingine kujaribu. Jaribio lililoshindikana nalo liandikwe, maana humwokolea mwenzake muda na fedha.

4.3 Chati ya mwenendo

Mabango mengi huonyesha nguzo mbili: kabla na baada. Nguzo hizo zinaweza kupotosha. Kama asilimia ilikuwa ikipanda tangu kabla ya badiliko, au ilipanda mwezi mmoja kisha ikaanguka, nguzo mbili zitaonekana vilevile. Chati ya mwenendo huweka kila kipimo kwa mfuatano wa wiki au miezi, pamoja na mstari wa wastani wa kati na alama ya siku badiliko lilipoanza. Kwa kanuni inayotumika sana, vipimo sita au zaidi vinavyofuatana upande mmoja wa mstari huo huashiria badiliko lisilo la bahati nasibu.

4.4 Aina za vipimo

Mwaka 1966 Avedis Donabedian alipendekeza ubora utazamwe katika miundo, michakato na matokeo. Utakasaji wa mikono ni mchakato. Maambukizi ya vidonda ni matokeo. Wataalamu wa uboreshaji huongeza kipimo cha athari zisizokusudiwa, kwa mfano gharama ya kitakasa au kuchubuka kwa ngozi za watumishi. Kwa kuwa mtu anayejua anatazamwa hubadili mwenendo, ni busara kulinganisha takwimu za ushuhudiaji na lita za kitakasa zilizotumika.

5.0 Idadi ndogo na siri ya mgonjwa

Pale ambapo wagonjwa ni wachache, jedwali lenye umri, jinsi, kijiji na tarehe linatosha kumtambulisha mtu hata bila jina. Katika ugonjwa unaoogopwa, familia inaweza kutengwa kwa sababu ya mstari mmoja wa jedwali. Hivyo basi, bango lijumlishe umri katika makundi, liache jina la kijiji, na lisitumie picha ya mgonjwa pasipo ridhaa yake.

6.0 Lugha na mahali pa bango

Bango hutayarishwa kwa ajili ya kongamano, mara nyingi kwa Kiingereza, kisha hukunjwa likabaki kabatini. Wauguzi waliojaza vitabu vya MTUHA na wahudumu waliojaza chupa huenda wasilione kamwe. Toleo la Kiswahili linalobandikwa wodini hurudisha takwimu kwa waliozizalisha, nao wanaweza kusahihisha tafsiri isiyolingana na walichokiona. Majina ya wanakikundi, wakiwamo wahudumu na wasafishaji walioridhia, yaandikwe pia.

7.0 Hitimisho

Bango la mradi wa uboreshaji hupimwa kwa swali moja: je, mtumishi wa kituo kingine akilisoma anaweza kujua kilichofanyika, kwa nani, katika mazingira gani, na kama nafuu iliyoonekana ilidumu? Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako ugonjwa na msafiri hutumia barabara moja, jibu la swali hilo linaweza kuamua kama kituo kinachofuata kitaanza pale wenzake walipofikia au kitarudia makosa yao.