Maneno ya Kiingereza na Maana Zake: "Ask" na Jamaa Zake

Juma hili zamu imelifikia neno "ask", ambalo mwanafunzi wa Kiingereza hukutana nalo mapema na kulidhani jepesi, na wepesi wake huo ndio hila yake; kwani Mswahili, ambaye lugha yake imempa kitenzi kimoja cha kuuliza na kingine cha kuomba, na mpaka baina yao ukawa wazi hata kwa mtoto mdogo, afikapo kwa Mwingereza hukuta kazi zote mbili zimekabidhiwa mtumishi mmoja. Atakaye kujua ni saa ngapi hufanya "ask". Atakaye kukopeshwa fedha hufanya "ask". Aalikaye wageni karamuni hufanya "ask". Na mwenye nyumba atajaye bei anayoitaka, kabla mnunuzi hajaanza kumbembeleza apunguze, naye hufanya "ask". Maana hupambanuliwa na kijineno kinachofuata: likifuatwa na "about" mtu ataka habari, likifuatwa na "for" ataka kitu, na likifuatwa na "after" aulizia hali ya mgonjwa au ya aliye safarini. Mtu ajitakiaye balaa naye, kwa Waingereza, huwa ameiomba.

Wala Waingereza si peke yao katika mtindo huu. Mwarabu asemapo "sa'ala" aweza kuwa anauliza au anaomba, na "sa'il" kwake ni mwenye swali na pia ni maskini asimamaye mlangoni akitaka sadaka. Sisi tulipoazima kwake swali, suala na kusaili, tulichukua upande wa kuuliza tukauacha ule wa kuomba, maana kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

"Ask" ni neno la kale, la Waingereza wenyewe, na tangu zamani lilikuwa na matamshi mawili: hili la leo, na lingine lisikikalo kama "aks". Chaucer, mshairi wao mashuhuri aliyefariki mwaka 1400, aliliandika kwa namna hii ya pili bila ya mtu kumcheka. Leo asemaye hivyo, awe ni mtu wa visiwa vya Karibi au Mmarekani mweusi, huhesabiwa kuwa hakusoma. Nami naona kwamba katika shauri hili asiyesoma ni yule achekaye.

Neno jingine la kale la kuomba lilikuwa "bid", ambalo lilichanganyikana na mwenziwe wa kutangaza na kuamrisha hata yakawa kitenzi kimoja, na sasa husikika zaidi mnadani, mtu atajapo bei yake. Nomino iliyotoka katika shina hilo la kuomba ilikuwa na maana ya dua. Na kwa kuwa watu walihesabu dua zao kwa punje zilizotungwa uzini, jina la dua likahamia kwenye punje, ndipo Waingereza wakapata "bead", yaani ushanga. Tusistaajabu sana: tasbihi nayo kwanza ni kumtukuza Mwenyezi Mungu, kisha ndiyo ule uzi tuushikao mkononi.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akawashinda Waingereza karibu na Hastings, na kwa muda wa karne tatu hivi Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama, hata ilipofika mwaka 1362 ikatungwa sheria kwamba kesi zinenwe kwa Kiingereza, kwa kuwa washitakiwa hawakuelewa yaliyosemwa juu yao. Na sheria yenyewe, ajabu, iliandikwa kwa Kifaransa. Katika zama hizo ndimo yalimoingia "question", "inquire" na "request", yote yakitoka katika kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kutafuta. Na katika shina hilohilo limo "conquest", jina ambalo Waingereza huliita tukio lenyewe la kushindwa kwao.

Kwa sababu ya nasaba hii, jamaa za "ask" hazina cheo kimoja, na asemaye kwamba maana zao ni sawa humpoteza msikilizaji wake. "Ask" halina kiburi wala unyonge. "Question", likiwa kitenzi cha kumhoji mtu, lina harufu ya shaka. Mtu aliyefanyiwa hivyo na polisi hakuulizwa njia ya kwenda sokoni. "Interrogate" limezidi hapo, kwani aulizaye ana nguvu na aulizwaye hana ruhusa ya kuondoka. "Inquire" ni la adabu na la ofisini, nalo hupenda habari kuliko mtu.

Upande wa kuomba, "beg" huanza na ombaomba lakini huishia katika heshima tupu, kama mtu atakapo radhi kwa kumpita mwenziwe mbele. "Beseech" ni kusihi, na sasa limebaki zaidi katika sala na mashairi. Na "implore" lina kilio ndani yake, kwa kuwa shina lake la Kilatini ni kulia.

Lakini lililo na hatari kuliko yote ni "demand". Kwa Mfaransa kitenzi hiki ni kuuliza au kuomba tu, kwa upole wote utakao. Kilipoingia katika mahakama za Uingereza kilishikwa na wenye madai, watu waliotaka haki yao na si fadhila, nacho kikabaki na ukali huo hata leo. Basi karani aandikaye kwa mkuu wake kwamba "anademandi" likizo, akidhani amechagua neno la fahari zaidi, hakuomba likizo bali amedai, na mkuu akikunja uso asilaumiwe. Neno alilolihitaji ni "request". Na hapa pana kosa jingine ambalo kwetu Afrika Mashariki limezoeleka mno, nalo ni kukifuatisha kitenzi hicho "for". Nomino huikubali "for", kitenzi hakiitaki, kwa kuwa huenda moja kwa moja kwenye kitu kiombwacho. Wanaofuatisha huwa wamechukua mwenendo wa "ask" wakamvisha jamaa yake.

Pametajwa waulizaji wengi, na aliyeulizwa bado hajapewa nafasi ya kusema. Juma lijalo tutalitazama neno "answer", ambalo katika asili yake lilikuwa kiapo cha mshitakiwa akanushaye shitaka.