Shujaa Mbele ya Kisu cha Daktari

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo ilisemwa kwa ajili ya vita, lakini inastahili pia kuandikwa mlangoni mwa wodi ya upasuaji. Hapo, yule ajiitaye shujaa kwa kuuficha ugonjwa wake ndiye ambaye nyumbani kwake husikika kilio.

Tuutazame mtaa wa Nateete, katika tarafa ya Lubaga, kando ya barabara kuu iendayo Masaka. Mwezi wa Septemba 2009, ghasia zilipozuka mjini Kampala, kituo cha polisi cha hapo kilichomwa moto. Askari aliyezipitia siku zile hahitaji kufundishwa maana ya ujasiri. Hata hivyo, mtu wa namna hiyo hiyo, akiambiwa na daktari kwamba ana ngiri na kwamba hana budi kupasuliwa, aweza kutafuta udhuru mwezi baada ya mwezi. Mara zamu zimekuwa nyingi. Mara watoto wanarudi shuleni. Mara atakwenda baada ya sikukuu. Huku nyuma uvimbe unakua, naye anaukaza kwa mkanda wa suruali na kuendelea na gwaride.

Wachekeshaji waliliona jambo hili zamani. Kati ya mwaka 1972 na 1983 televisheni ya Marekani ilionyesha mchezo wa vichekesho uitwao M*A*S*H, uliohusu hospitali ya jeshi iliyo karibu na mstari wa mapigano katika vita vya Korea. Mchezo huo ulitokana na riwaya iliyoandikwa na daktari mpasuaji aliyewahi kuhudumu katika vita hivyo. Katika sehemu moja ya mwaka 1974, Meja Frank Burns, ambaye naye ni mpasuaji, anapatwa na ngiri. Mtu aliyezoea kuwapasua wengine sasa inambidi awaombe wenzake wawili, ambao hagombani na wengine kama agombanavyo nao, wamlaze mezani na kumtia kisu.

Mtazamaji hucheka, kwa sababu anajiona mwenyewe. Meja yule anazijua kazi za hospitali tangu mwanzo hadi mwisho, lakini zamu yake ilipofika, elimu na cheo havikumwondolea haja ya kuuweka mwili wake mikononi mwa mwingine. Yafaa ikumbukwe pia kwamba watengenezaji wa mchezo huo walishikilia jambo moja: katika matukio ya ndani ya chumba cha upasuaji, sauti za kicheko zilizotiwa kwa mashine zisisikike. Walijua mpaka wa mzaha. Kicheko chaweza kumfikisha mtu mlangoni. Ndani ya mlango ule kazi ni ya makini.

Ni nini basi anachokiogopa askari? Wengine huiogopa nusu kaputi, wakidhani kwamba aliyelazwa usingizi huenda asiamke. Wengine huona haya kuvuliwa nguo mbele ya muuguzi aliye na umri wa binti yao. Wengine huhofia kufutwa katika orodha ya waliochaguliwa kwenda kazi za nje. Na lipo jambo zito zaidi, ambalo ni nadra kutajwa: mtu aliyezoea kuamuru anawekwa chali, bila magwanda, bila silaha, wala hana amri ya kutoa.

Hofu hiyo haikuanza leo, wala upasuaji haukuanzia kwetu kwa mikono ya wageni peke yao. Katika miaka ya 1870 na 1880, Nateete palikuwa na makao ya wamisionari wa CMS, akina Alexander Mackay. Mmoja wa waliokuja na misheni hiyo, Robert Felkin, aliyekuwa amesomea udaktari, alishuhudia jambo la ajabu mwaka 1879 huko Kahura katika nchi ya Bunyoro. Mganga wa kienyeji alimpasua tumbo mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Kwanza mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili maumivu yapungue. Kisha mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo na kuliosha tumbo. Alipiga ukelele, na umati uliokuwa nje ukauitikia, ndipo akakata. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa vijiti saba vya chuma. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mama na mtoto wote walikuwa hai. Felkin alichapisha habari hiyo mwaka 1884.

Tuuzingatie ule ukelele. Watu wa Kahura hawakumwambia mgonjwa kwamba hakuna cha kuogopa. Walimpa dawa, wakasafisha, kisha wakamwonyesha kwamba hayuko peke yake.

Leo pombe ya ndizi imewekwa kando. Ngiri nyingi hutengenezwa kwa ganzi ya sehemu ya chini ya mwili tu, mgonjwa akiwa macho. Tena mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali za miji minane ya dunia, mmojawapo ukiwa Ifakara nchini Tanzania, kuhusu orodha ya ukaguzi iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani. Wapasuaji hukagua kabla ya ganzi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani: jina lake, mahali pa kukatwa, dawa, hesabu ya vifaa. Vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Askari anaielewa lugha hiyo, kwani hata yeye hatoki doria kabla silaha haijakaguliwa.

Ngiri ya mtu mzima haiponi yenyewe. Utumbo ukinaswa, damu hukatika, na katika muda wa saa chache sehemu hiyo yaweza kufa. Uvimbe ukikataa kurudi ndani, maumivu yakizidi, na mgonjwa akianza kutapika, basi asingoje kupambazuke. Upasuaji wa dharura una hatari kubwa kuliko ule uliopangwa, na anayekawia ndiye anayejichagulia ulio mgumu.

Kwa hiyo, ndugu askari, uliza maswali. Muulize daktari atakata wapi, utalazwa siku ngapi, ganzi ni ya namna gani, na lini utaweza kubeba mzigo tena. Nawe kamanda, usimcheke aliye chini yako anapoomba ruhusa ya kwenda hospitali, na akilazwa mpelekee mwenzake mmoja akae naye. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Na kilio hicho huwafikia mjane na yatima kabla hakijamfikia kamanda.