Ujira wa Dalali Upatanwe Kabla ya Mlango Kufunguliwa

Mtu akishuka leo katika kituo cha mabasi cha Lindi, au akiketi kidogo penye duka huko Kilwa Masoko, akauliza kama ipo nyumba inayouzwa, hatakosa mtu wa kumjibu: "Ipo, twende nikuonyeshe." Mtu huyo ndiye dalali. Mara nyingi hana ofisi, hana kibao mlangoni, wala hana daftari. Ana simu yake, ana miguu yake, na ana habari ambayo wewe huna. Habari hiyo ndiyo bidhaa yake.

Zamani kazi hii haikuwa kubwa katika pwani yetu ya kusini. Nyumba iliyojengwa na babu ilikaliwa na wajukuu, na aliyetaka kuuza alimwambia jirani yake kwanza. Lakini mambo yamegeuka. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, safari ya Dar es Salaam iliacha kungojea kivuko. Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika mwaka 2004. Baadaye zikaja habari za mradi mkubwa wa gesi utakaojengwa Likong'o, karibu na mji wa Lindi. Na Kilwa Masoko ikaanza kujengewa bandari ya uvuvi. Kila habari ya namna hiyo ikitokea, wageni huja kuuliza viwanja na nyumba, na bei hupanda. Bei ikipanda, fungu la dalali nalo hupanda. Na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Tumesimuliwa kisa kimoja cha mjini Lindi, nasi twakieleza bila kutaja majina, kwa kuwa haja yetu si kumwaibisha mtu. Mzee mmoja mstaafu alitaka kununua nyumba kwa kiinua mgongo chake. Dalali akampeleka kwenye nyumba ya matofali, yenye vyumba vinne na mwembe uani, mali ya urithi ya mama mmoja mjane na ndugu zake. Bei aliyoambiwa ni shilingi 25,000,000. Mzee akaipenda. Dalali akamtaka atoe arubuni ya shilingi 5,000,000 ili nyumba isichukuliwe na mwingine. Mzee akatoa, akaambiwa kwamba fedha zimekwisha kufika kwa mwenye nyumba.

Siku ya kutia sahihi walikutana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Karatasi ikasomwa: nyumba inauzwa kwa shilingi 20,000,000. Mzee akashtuka.

"Mbona ni milioni ishirini? Na arubuni yangu i wapi?"

"Arubuni gani, baba?" akauliza yule mama. "Mimi sikupewa hata senti."

Wote wakamgeukia dalali. Naye hakuona haya. Alisema kwamba mama alitaka milioni 20, naye anapata milioni 20. Kilichozidi ni cha juu, nacho ni jasho lake. Kisha akaongeza kwamba bado anamdai mama asilimia 10 ya ujira, yaani shilingi 2,000,000. Hivyo katika nyumba moja alitaka kuondoka na shilingi milioni 7, na warithi wabaki na milioni 18 za kugawana.

KOSA LIKO WAPI?

Wako watakaosema kwamba dalali ni mnyonyaji tu, afukuzwe mjini. Sisi hatusemi hivyo. Dalali wa kweli hufanya kazi. Hutembea juani, hulipa nauli, hupokea simu usiku, huwapeleka watu kumi wasionunua ili ampate mmoja atakayenunua. Neno lenyewe tumelipata katika Kiarabu, na asili yake ni mtu mwenye kuonyesha na kuelekeza. Mwenye kuelekeza njia anastahili kulipwa. Lakini kuelekeza njia hakumfanyi kuwa mwenye shamba.

Ile milioni 5 haikuwa ya dalali. Mnunuzi aliitoa akidhani anainunua nyumba. Kwa hiyo ilikuwa sehemu ya bei, na bei ni ya mwenye mali. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikulifumbia macho jambo hili. Wakala yampasa kumpa aliyemtuma hesabu ya fedha alizopokea kwa niaba yake. Akijitafutia faida kwa siri katika kazi aliyotumwa, aliyemtuma aweza kuidai faida hiyo. Tena wakala aliyefanya udanganyifu katika kazi yake hana haki ya kudai ujira wa kazi hiyo. Basi cha juu kinachofichwa si ujira, hata kama kimezoeleka kila mtaa.

MANENO MATUPU

Lakini tusimlaumu dalali peke yake. Katika kisa hiki mama hakuwa na karatasi iliyosema dalali atalipwa nini. Mzee naye hakudai stakabadhi ya arubuni, wala hakuomba kuonana na mwenye nyumba kabla ya kutoa fedha. Wote watatu walitegemea maneno ya mdomo.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mapatano ya kuuza haki ya kumiliki ardhi yawe ya maandishi, au yathibitishwe kwa maandishi. Kwa sababu hiyo watu hujitahidi kuandika karatasi ya nyumba na kuita mashahidi. Lakini mapatano ya kumlipa dalali yaweza kuwa ya mdomo na bado yakawa mapatano. Hivyo nyumba ina karatasi, ujira hauna. Na siku ya ugomvi kila mmoja hukumbuka kile kinachomfaa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Asilimia 10 inayotajwa kila siku si zaka iliyoamriwa. Ni desturi ya soko tu. Wawili wakipatana asilimia 5, ni 5. Wakipatana shilingi 500,000, ni hizo hizo. Anayedai kwamba "sheria inasema kumi" na aulizwe ni sheria gani. Vivyo hivyo kwa wale viongozi wachache wa mitaa wanaodai asilimia 10 kwa kushuhudia tu mauzo: mwananchi aombe kuonyeshwa sheria yenyewe na apewe stakabadhi ya Serikali. Kisipopatikana kimoja wala kingine, asilipe.

UGOMVI WA NAMNA NYINGINE

Wakati mwingine anayedhulumiwa ni dalali mwenyewe. Amemleta mnunuzi, amewakutanisha, kisha wawili hao wanabadilishana namba za simu na kumaliza biashara usiku bila yeye. Asubuhi wanamwambia, "Biashara ilivunjika." Huo nao ni wizi, na anayeufanya asijione mjanja, amekula jasho la mwenzake.

Mara nyingine madalali wawili hudai ujira wa nyumba moja. Wa kwanza alionyesha mlango mwezi wa Machi. Wa pili alipatanisha bei mwezi wa Juni. Mwenye nyumba aliyewatuma wote wawili bila kueleza nani atalipwa na kwa kazi gani, amejitafutia taabu mwenyewe.

Tena kuna biashara isiyofika mwisho, na katika pwani yetu hilo hutokea sana. Nyumba nyingi za Kivinje, Masoko na Lindi ni za urithi. Mrithi mmoja yuko hapa, wa pili Dar es Salaam, wa tatu Unguja au Maskati. Mmoja huuza, wengine hukataa. Au mume huuza nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mkewe, jambo ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalikataza. Au nyumba iko katika ardhi ya kijiji, na Halmashauri ya Kijiji haikuulizwa. Biashara ikivunjika, dalali hudai ujira wake, maana miguu yake imekwisha kutembea. Sheria yasema kwamba pasipo mapatano mengine, ujira wa wakala haujawa deni mpaka kazi aliyopewa imekamilika. Basi dalali mwenye busara atauliza kwanza: warithi ni wangapi, na wamekubali? Akiuliza hivyo ataokoa nauli yake na fedha za mnunuzi pia.

KARATASI YA MISTARI MITANO

Dawa ya ugonjwa huu si ghali. Kabla mlango wa nyumba haujafunguliwa, iandikwe karatasi moja yenye mistari mitano. Wa kwanza: ni nani aliyemtuma dalali, muuzaji au mnunuzi, na nani atamlipa. Wa pili: atalipwa kiasi gani, kwa tarakimu na kwa maneno. Wa tatu: atalipwa lini, nasi twashauri iwe siku ile bei inapolipwa yote. Wa nne: bei ya mwenye nyumba ni hii, na cha juu hakuna. Wa tano: arubuni na bei zitalipwa kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa stakabadhi. Dalali, aliyemtuma, na shahidi mmoja watie sahihi. Dalali anayekataa karatasi hiyo amekwisha kusema yeye ni mtu wa namna gani.

Na ugomvi ukitokea, watu wasishikane mashati. Wakae kwanza mbele ya wazee au viongozi wa mtaa. Wakishindwa, ujira ni deni litokanalo na mapatano, na Mahakama ya Mwanzo ipo kwa ajili ya madeni ya namna hiyo.

Yule mama na yule mzee hawakufika huko. Mwenyekiti alizuia sahihi, wazee wakaitwa, na maneno yakachukua siku tatu. Mwishowe dalali alirudisha shilingi milioni 3 kwa mama, akabakiwa na milioni 2 kuwa ujira wake. Na karatasi ikaandikwa upya kwa bei ya kweli, milioni 25. Mzee sasa anakaa chini ya mwembe wake. Lakini wangapi katika Mtanda, Mikumbi, Masoko na Nangurukuru wametia sahihi bila kusomewa karatasi, wakaenda zao bila kujua kwamba sehemu ya kiinua mgongo, au ya urithi wa watoto, imebaki mfukoni mwa mtu wa tatu?

Ndugu mfanyakazi, nyumba hununuliwa mara moja katika maisha ya watu wengi. Fedha uliyoiweka kwa miaka 30 usiitoe kwa neno la dakika moja. Uliza, andika, soma, ndipo ulipe.