Intaneti Ikikatika Nyumbani, Tafuta Kwanza Ilipokatikia

Zamani kidogo intaneti ilikuwa kitu cha maofisi na cha maduka ya mjini. Leo imeingia hata sebuleni. Kwa njia yake kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba nafasi ya chuo, mama mwenye biashara hupokea maagizo ya wateja wake, na baba huongea na ndugu yake aliye ng'ambo huku wakionana uso kwa uso. Kwa hiyo siku inapokatika, si michezo tu iliyokatika. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya chuo haimngojei mtu ambaye intaneti yake imelala.

Lakini tazama tufanyavyo wengi wetu siku hiyo. Mmoja huwakemea watoto kwamba wamechezea waya. Mwingine hubonyeza kila kitufe akionacho. Wa tatu humwita fundi wa mtaani, naye huja, huzima, huwasha, kisha hudai ujira wake. Wala hapana hata mmoja aliyeuliza swali lililo la kwanza: Je, imekatikia wapi?

Njia ni moja, vipande ni vinne

Msomaji mpenzi, fikiri habari ya bomba la maji. Bomba likikauka, mtu mwenye busara haanzi kwa kuchimba barabara. Hutazama kama koki imefunguliwa, kisha humwuliza jirani kama kwake maji yanatoka. Ndipo ajuapo kama ubovu uko kwake au uko kwa wenye maji.

Intaneti nayo ni vivyo hivyo. Njia yake ina vipande vinne. Cha kwanza ni simu au kompyuta yako. Cha pili ni waifai, yaani mawimbi ya redio yatokayo katika kile kisanduku kiitwacho ruta. Cha tatu ni ruta yenyewe pamoja na waya uingiao nyumbani. Cha nne ni kampuni ikuuziayo intaneti, pamoja na mikonga ya nchi kavu na ya baharini. Kazi yako si kuvitengeneza vyote vinne. Kazi yako ni kujua kipi kimeharibika.

Anza na kilicho mkononi

Jaribu chombo cha pili. Kama simu ya mama inapata na kompyuta haipati, usiiguse ruta. Ubovu umo katika kompyuta. Tazama kama waifai yake imezimwa, au kama imejiunga na waifai nyingine. Tazama pia tarehe na saa. Labda utauliza, tarehe yahusu nini? Yahusu sana. Kurasa nyingi huonyesha hati ya usalama yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta yenye tarehe ya uongo hudhani hati hiyo ni mbovu, ikakataa kufungua.

Kama vyombo vyote havipati, sogea karibu na ruta ujaribu tena. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya gigahezi 5 yana mbio zaidi, lakini huchoka upesi. Ruta iliyofichwa nyuma ya friji au ndani ya kabati la chuma haiwezi kufanya kazi yake vema. Kama una kompyuta yenye tundu la waya, iunge na ruta kwa waya. Ikipata kwa waya na isipate kwa waifai, umekwisha kumjua mkosaji.

Jifunze kusoma taa

Ruta haina mdomo, lakini ina taa, nazo husema. Taa ya umeme ikiwa imezimika, tazama soketi, adapta, na kama umeme wa LUKU haujakwisha. Usiazime adapta ya redio kwa sababu ncha yake imeingia. Soma kwanza volti zilizoandikwa, maana adapta isiyo yake yaweza kuiunguza ruta.

Kwa wenye faiba, taa mbili ndizo kubwa: ile iliyoandikwa PON na ile iliyoandikwa LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, waya wa kampuni u mzima mpaka nyumbani kwako. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Nasema mwanga, kwa sababu faiba haipitishi umeme, bali mwanga ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Uzi huo hauchukui umeme, lakini huharibika ukikunjwa mno, ukikandamizwa na mguu wa kochi, ukiguguniwa na panya au ukikatwa na wachimbaji wa mtaro. Fuata waya wako mpaka unapotokea ukutani, ukanyoshe palipokunjamana. Ila usiuchomoe ukachungulia ndani! Mwanga wake hauonekani kwa macho, nao waweza kudhuru jicho.

Kama taa hizo ni njema na bado hupati kitu, kumbuka siku ya malipo. Na wenye ruta ya laini ya simu watazame kifurushi chao, kisha waisogeze ruta dirishani.

Kuzima si kufuta

Ruta ni kompyuta ndogo, nayo yaweza kukwama. Chomoa umeme wake, ngoja nusu dakika, uchomeke tena, kisha uiache dakika tano ijipange. Hilo halina hatari.

Lakini kuna kitundu kidogo kilichoandikwa RESET, ambacho watu hukichokoa kwa pini. Angalia sana! Kitundu hicho hakiwashi upya tu; hufuta yote yaliyopangwa ndani, na katika ruta nyingi hufuta hata jina na neno la siri la kuingilia kwa kampuni. Hapo hata waya ukipona, ruta haitajua pa kwenda mpaka fundi wa kampuni aipange tena. Hivyo ubovu wa saa moja hugeuka kuwa wa siku tatu. Haraka haraka haina baraka.

Ubovu ukiwa mbali

Pengine nyumbani kwako hapana kosa lo lote. Jumapili, 12 Mei 2024, mikonga miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini mwa Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, na watu wa kampuni mbalimbali walikosa intaneti kwa pamoja. Siku ile hata angebonyeza nani, isingerudi. Kwa hiyo muulize jirani atumiaye kampuni yako, na yule atumiaye nyingine, kabla ya kulipa fundi.

Ukiipigia simu kampuni, usiseme tu, “Intaneti haifanyi kazi.” Sema hivi: “Tangu saa mbili asubuhi LOS ni nyekundu, PON imezimika, nimekwisha zima na kuwasha, na vyombo vyote vitatu havipati.” Maneno hayo humwonyesha fundi pa kuanzia. Omba nambari ya malalamiko yako, uiandike pamoja na tarehe. Wakikupuuza, aliye Tanzania aweza kupeleka shauri lake kwa TCRA, na aliye Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Lakini mtu akikupigia mwenyewe, akidai ni wa kampuni na kukuuliza neno la siri la fedha zako za simu, kata simu. Intaneti haitengenezwi kwa neno hilo.

Mambo mawili ya kufanya leo

La kwanza, andika katika karatasi jina la kampuni, nambari yake ya simu, nambari ya akaunti yako na siku ya malipo, uibandike ukutani karibu na ruta. Siku ya giza hutaweza kuitafuta ndani ya intaneti iliyokatika.

La pili, mwenye maombi ya chuo asingoje usiku wa mwisho. Na ajue mapema ni simu gani nyumbani yenye kifurushi iwezayo kuigawia kompyuta intaneti. Ruta yangoja kutengenezwa. Mlango wa chuo haungoji.