PAPA SHILINGI: JITU LA BAHARINI LISILO NA UBAYA

Wanafunzi wenzangu, mtu akikuulizeni samaki mkubwa kuliko wote duniani ni yupi, mtajibu nini? Wengi husema eti nyangumi. La hasha! Nyangumi si samaki. Yeye hupumua kwa mapafu, hunyonyesha watoto wake, na mkia wake umelala. Mkia wa samaki husimama. Bingwa wa samaki walio hai ni papa shilingi, naye ni jirani yetu: huonekana nje ya miamba ya Diani, hasa kati ya Oktoba na Machi.

Papa huyu hufikia mita 12, yaani urefu wa basi la kwenda Nairobi, na wengine wamekaribia mita 18. Mgongo wake umejaa madoa meupe mfano wa sarafu. Husimuliwa kwamba Mungu alipomwumba alipendezwa naye mno, malaika wakamrushia shilingi kutoka mbinguni. Madoa hayo hayafanani kwa papa wawili, kwa hiyo wataalamu huwatambua kwa picha, kama sisi kwa alama za vidole.

Je, jitu hili hula watu? Hata kidogo! Hufungua kinywa kipana, likachuja maji na kubakiza dagaa, mayai ya samaki na viumbe vidogo mno viitwavyo planktoni. Ama kweli, haba na haba hujaza kibaba.

Zamani za kale walikuwako majitu wengine. Leedsichthys aliishi miaka milioni 165 hivi iliyopita. Mifupa yake ilipatikana karibu na Peterborough, Uingereza, na hukadiriwa kuwa alifikia mita 16. Yeye pia alikula planktoni. Megalodon ndiye aliyekuwa mkali: papa aliyekula nyangumi, akatoweka yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Kwa kuwa mifupa ya papa ni gegedu na huoza upesi, tumeachiwa hasa meno yake, na wataalamu bado wanabishana juu ya urefu wake.

Hao wamekwisha. Huyu wetu je? Mwaka 2016 alitangazwa kuwa katika hatari ya kutoweka, maana idadi yake duniani imekadiriwa kupungua kwa zaidi ya nusu katika miaka 75. Huwindwa kwa mapezi na nyama, hugongwa na meli, hunaswa nyavuni. Naye hakui upesi: huchukua miaka ipatayo 25 au zaidi kabla ya kuzaa. Ukiua mmoja leo, pengo lake halizibwi kesho.

Lakini tusiwalaumu wavuvi wa Msambweni na Gazi bure. Jarife ni mali. Papa shilingi akinaswa, mvuvi hana budi kulikata ili amwokoe, na hapo ada ya mtoto inaweza kwenda na maji. Watalii hulipa pesa kumtazama papa huyo huyo. Basi ni haki sehemu ya pesa hizo imfikie aliyekata wavu wake. Bila hivyo, tunamwomba mtu maskini agharimie peke yake utajiri wetu sote.

Walimu na wanachama wenzangu, mwaonaje?